Mzee Juu Ameambiwa Alale

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeshushwa. Miaka ishirini na miwili nimepanda ngazi za kreni asubuhi na kuteremka jioni kwa miguu yangu mwenyewe, na leo nesi wa kampuni, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, amenishusha kwa kunifunga kitambaa mkononi na kukijaza upepo.

Alipima mara ya kwanza akakunja uso. Akanipa maji, akapima tena. Kabla ya mara ya tatu aliniambia nikae kimya dakika kumi, jambo ambalo mke wangu angemweleza mapema kwamba haliwezekani. Ikasoma mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi.

"Mzee wangu, kichwa hakikuumi?"

"Kichwa changu kinashinda mita arobaini juu ya vichwa vya wenzangu. Hakina nafasi ya kuuma."

Hakucheka. Aliandika, akapiga muhuri, akampa fomeni karatasi mbele ya macho yangu kana kwamba mimi ni mzigo ulioletwa pale kupokewa. Fomeni akasoma, akajikuna shingo. Ni mtu mwema, ila habari mbaya huzisema kwa haraka ili azimalize.

"Mzee Juu, hupandi mpaka mvua ziishe. Tarehe kumi na nne Juni unapimwa tena. Presha ikishuka, kiti chako. Isiposhuka, kiti ni cha Kipanga moja kwa moja, na wewe utamalizia miaka yako stoo."

Kipanga ni binti niliyemfundisha kreni mwenyewe, tangu alipokuwa hajui hata kukaza mkanda wa kofia. Jina hilo tulimpa sisi kwa ajili ya macho yake. Alipokea funguo za kibanda changu cha juu ya kreni bila kutabasamu, bila hata kunitazama. Najua furaha inayofichwa ikiwa mbele yangu.

Nyumbani nilinung'unika tangu mlangoni hadi mezani. Mke wangu ni fundi cherehani, kazi zake anazifanyia hapa hapa barazani. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, akanipa daftari hili lililokuwa liandikwe vipimo vya wateja.

"Nung'unikia humu, Baba Watoto. Mimi nina gauni la watu la kesho."

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Stoo. Sina la kuandika.

Alhamisi, 14 Machi

Stoo kuna kofia ngumu mia moja na sita. Kuna glavu za mkono wa kushoto nyingi kuliko za kulia, na hakuna anayeweza kunieleza kwa nini. Dirishani naiona kreni yangu ikigeuka. Binti anashusha mzigo polepole kama mtu anayeweka kitoto kitandani, mpaka wafungaji mizigo wanapiga miayo. Mimi ningekuwa nimeshusha mara mbili.

Jumapili, 17 Machi

Watoto wetu walikuja na mjukuu. Tulikula, tukacheka. Mke wangu alisinzia mkono ukiwa bado umeshika kijiko, kama kawaida yake. Hapa nyumbani tunamwita Bi Sinzia, jina nililompa mimi, na ninajivunia. Amewahi kusinzia kwenye arusi akiwa mstari wa mbele. Amewahi kusinzia kwenye cherehani akashona mkono wa shati la mteja ukafungika kabisa, na mteja akauliza kama shati ni la mtu aliyekatwa mkono. Nilisimulia kisa hicho tena leo. Kila nikisimulia nanogesha kidogo, na watoto wanacheka mbavu hawana.

Bi Sinzia aliamka, akatutazama, akacheka na yeye. Ana moyo mzuri mwanamke huyu.

Mimi upande wangu nalala masaa manne, nikizidisha matano, na sijawahi kusinzia mchana. Angalau kwa kujua.

Jumatano, 20 Machi

Kliniki ya kampuni, kwa nesi yule yule. Nimepewa vidonge vya presha, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na nimeambiwa nipunguze chumvi, nitembee, niache chai ya rangi baada ya jua kuzama. Yote nimekubali. Halafu nesi akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa hospitali.

"Unalalaje?"

"Chali."

"Nauliza usingizi wako ukoje."

Kabla sijajibu, mke wangu aliyekuwa ameketi nyuma yangu akajibu. "Anakoroma."

Nilimgeukia. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hili analisema mbele ya watu!

"Anakoroma sana?"

"Jirani alihama."

"Jirani alihama kwa sababu alijenga!" nikasema.

Nesi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akavaa uso wa kazi. Akasema usingizi mbovu unapandisha presha, na presha inauchosha moyo. Mtu anaweza kumeza vidonge vya duka zima na bado mambo yasikae sawa kama halali. Akanipa kadi yenye visanduku, kila siku kisanduku chake, nijaze masaa niliyolala mwezi wa Aprili. Niirudishe tarehe mbili Mei.

Mtu mzima kupewa kadi ya kulala! Nimeiweka chini ya redio.

Jumanne, 26 Machi

Mke wangu amesikia mahali kwamba anayekoroma asilale chali. Ameshona mfuko mgongoni mwa fulana yangu, akatia ndani mpira mdogo wa mjukuu. Nikigeuka chali, mpira unanichoma. Wazo zuri. Usiku nilijigeuza nikavua fulana bila kuamka, na asubuhi nikakuta mpira umelala kwenye mto wangu mimi nikiwa miguuni.

Jumamosi, 30 Machi

Hili la jana lazima niliandike, hata kama linaniaibisha.

Nilifikiri hivi: mimi ni mtu wa mizigo. Mzigo unaoyumba haushauriwi, unafungwa. Nilikuwa nimeleta kutoka stoo mkanda wa kunyanyulia uliochakaa, wa kutupwa, wenye nguvu bado ya kuinua watu kumi. Nikajilaza ubavu, nikauzungusha kiunoni na kwenye fremu ya kitanda, nikafunga fundo langu. Mke wangu aliniangalia tu.

"Umemaliza?"

"Leo sigeuki."

Na kweli sikugeuka. Ila kwenye saa nane za usiku haja ndogo ikanibana. Fundo langu halijawahi kufunguka kwa bahati mbaya, na usiku ule halikufunguka hata kwa makusudi. Nilivuta, nikapapasa, nikasali. Haja haisubiri. Mwishowe nikateremsha miguu na kuanza kutembea na kitanda.

Kilikwenda vizuri mpaka chandarua kikakatika na kutuangukia. Tulikuwa tumefika karibu na mlango. Na ndani ya chandarua, sauti ya mke wangu, tulivu kabisa, ikauliza:

"Baba Watoto, tunahamia wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaribia kuchelewa kule nilikokuwa nakwenda. Alinikata kwa mkasi wa kazi yake. Asubuhi hii kila tukitazamana tunaanza upya. Kitu kimoja tu kimenikaa: hakushtuka hata kidogo. Alikuwa kama mtu ambaye alikuwa macho tangu mwanzo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua siku nzima. Kreni haikufanya kazi kwa sababu ya upepo. Nilifurahi, halafu nikajionea aibu kwa kufurahi.

Jumanne, 9 Aprili

Presha mia moja sitini na sita. Nesi hakuridhika. Mimi pia.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimepanga glavu zote. Za kushoto zimezidi kwa thelathini na nne.

Kipanga alipita stoo kuchukua koti la mvua. "Shikamoo, Mzee Juu." Nikamwitikia bila kuinua macho. Akasimama kidogo, akawa kama anataka kusema kitu, kisha akaondoka. Ghorofa ya saba imekwisha. Mimi niliacha jengo likiwa kwenye ya nne.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekumbuka kadi! Mwezi mzima haina hata alama. Nimeivuta kutoka chini ya redio, nikakaa nayo, na kwa kikombe kimoja cha chai nimelala mwezi wote. Masaa manane, saba na nusu, manane, manane. Nimebadilisha kalamu mara mbili ili ionekane ya kweli. Akili ninayo.

Alhamisi, 2 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nesi aliipokea kadi, akavaa miwani. Akasoma taratibu kwa kidole. Kidole kilipofika chini kikasimama.

"Mzee wangu, tarehe thelathini na moja Aprili ulilala masaa manane."

"Ndiyo. Nililala vizuri sana siku hiyo."

"Aprili ina siku thelathini."

Nikamwambia labda nilikuwa nimelala sana ndiyo maana sikuona siku imepita. Nesi akainamisha kichwa mezani, mabega yakamtikisika, na mke wangu nyuma yangu akaanza, na mimi nikaanza. Tulicheka watatu mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Nesi akafuta macho. Alipomgeukia mke wangu, macho yake yakabaki pale. Alimtazama kwa muda, kama anayesoma saizi.

"Mama, na wewe unalala masaa mangapi?"

Mke wangu akasema analala tu.

"Mangapi?"

"Nikipata mawili."

"Kwa nini?"

Akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake. Nilitaka kumjibia kwamba huyu ni Bi Sinzia, analala popote, muulize hata mtu wa arusini. Nashukuru sikuwahi.

"Akilala anakoroma," akasema. "Kukoroma hakuna neno, nilizoea zamani. Ila katikati ananyamaza. Ananyamaza kabisa, hapumui. Nahesabu. Nikifika ishirini namsukuma begani, anavuta pumzi kama mtu anayetoka majini, anaendelea. Baada ya muda kidogo ananyamaza tena."

"Tangu lini?"

"Tangu kifungua mimba wetu aolewe. Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia mara moja. Akasema nimeota."

Nimekaa hapa mezani tangu jioni najaribu kukumbuka siku hiyo, na siikumbuki. Ndivyo ilivyokuwa ndogo kwangu. Miaka kumi na miwili mwanamke huyu amekaa macho gizani akinihesabia pumzi, asubuhi akashona nguo za watu, mchana macho yakamshinda, na mimi nikampa jina. Nikalisambaza kwa watoto. Nikalinogesha.

Njiani kurudi mvua ilitunyeshea na sikufungua mwavuli, maana niliusahau mkononi. Nikamwambia, "Mama Watoto, nisamehe." Akasema, "Fungua mwavuli kwanza." Nikaufungua. Tukatembea kidogo, akaongeza, "Nimekusamehe. Lakini kile kisa cha shati usikisimulie tena." Nimeapa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimewapigia watoto wote mmoja mmoja nikawaeleza. Jina la Bi Sinzia limefutwa katika nyumba hii. Binti yetu mkubwa alilia kwenye simu, nikalia na mimi, na salio likaisha tukiwa bado tunalia.

Alhamisi, 9 Mei

Jana nimelala hospitali, kitanda cha kupimia usingizi. Walinibandika nyaya kifuani, kichwani, miguuni, na kibanio kidoleni. Nikamwambia fundi wa mashine kwamba hata kreni yangu haina nyaya nyingi hivi. Nilidhani sitapata usingizi. Nililala kabla hajazima taa.

Asubuhi daktari wa moyo, kijana mpole anayesema kwa sauti ya chini, alinionyesha karatasi yenye mistari. Mstari wa pumzi unapanda na kushuka, halafu unanyooka kama sakafu. Chini yake mstari wa moyo unaruka.

"Ukilala koo lako linalegea linajiziba," akasema. "Hewa haipiti. Mwili unaona unakufa, unaushtua moyo, moyo unakimbia, presha inapanda. Unavuta pumzi, unaendelea kulala, asubuhi hukumbuki kitu. Hii hapa ni mara ishirini na nane kwa saa moja."

"Kila saa?"

"Kila saa. Usiku ndio wakati presha ya mtu inatakiwa ishuke, moyo upumue. Wako unafanya kazi mchana, halafu usiku unapiga ovataimu."

Hilo nililielewa vizuri kuliko mistari. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa nikatetea mapumziko ya wafungaji mizigo mpaka wakayapata. Moyo wangu mwenyewe sikuwahi kuusemea. Niliogopa leo. Naandika hivyo hivyo, niliogopa.

Akasema kuna mashine ya kupuliza hewa puani, inazuia koo kujiziba. Hospitali inaziazima kwa miezi mitatu. Nitapewa moja.

"Kufikia tarehe kumi na nne Juni presha itashuka?"

"Sikuahidi. Wengine inashuka. Vaa kila usiku, vidonge meza, jaza kadi." Akatazama jalada langu, akajizuia kucheka. "Mei ina siku thelathini na moja."

Nesi amemwambia! Nadhani hospitali nzima inajua.

Jumatatu, 13 Mei

Mashine imefika. Ina kibomba kirefu na barakoa ya kufunika pua, na mikanda ya kuzunguka kichwa. Mjukuu alikuwa amelala kwetu. Alinikuta nimeivaa, akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ya furaha kuu: "Bibi! Njoo uone, Babu amekuwa tembo!" Akaomba nimpulizie maji.

Jumanne, 14 Mei

Nimelala masaa matatu tu. Mashine ilikuwa sawa. Tatizo ni mke wangu. Mashine haingurumi, mimi sikoromi, chumba kimekuwa kimya, na kimya hicho kinamtisha. Aliniamsha mara tisa kuhakikisha niko hai.

"Uko?"

"Niko."

Baada ya nusu saa: "Uko?"

Mara ya tisa nikamwambia sipo, nimetoka, nitarudi asubuhi. Akanipiga kwa mto.

Ijumaa, 17 Mei

Uko mara sita.

Jumapili, 19 Mei

Uko mara nne. Nimelala masaa matano. Kadi nimeijaza kwa kalamu moja.

Jumatano, 22 Mei

Leo nimeamka kabla ya jua na nikadhani kuna kitu kibaya. Nilikaa kitandani najipapasa. Kichwa chepesi. Macho hayana mchanga. Niligundua kwamba kumbe ndivyo watu wanavyoamka! Nilitamani kutoka nje nimweleze mtu. Nilikwenda kazini kwa miguu nikipiga mluzi, nikawasalimia hata watu nisiowapenda.

Ndiyo maana nilimwita Kipanga alipopita stoo. Nikamwambia akae juu ya ndoo. Nilitaka kumsifu, nilikuwa na sifa za kugawa siku hiyo. Akatangulia yeye.

"Mzee Juu, kuna kitu nakuficha. Ni mimi niliyekupeleka kwa fomeni."

Sikuelewa.

"Januari. Ulikuwa umeinua matofali, umeyafikisha juu ya wafungaji mizigo, ukasimama. Tukapiga redio, kimya. Tukapunga, kimya. Nikapanda ngazi mbio. Nikakukuta macho yako yamefungwa na mkono uko kwenye mpini wa kuongozea mzigo. Nilipogonga kioo ukafungua macho ukanikaripia, unafanya nini huku."

Hilo nalikumbuka. Nalikumbuka karipio. Nilikuwa nimejiambia kwamba nilikuwa nayapumzisha macho kwa sababu ya jua.

"Nilikaa nalo wiki nane," akasema. "Sikulala. Kisha nikamwomba fomeni awapime madereva wote, asikutaje. Nilijua utanichukia."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia aende, akaenda. Nikapanga glavu zilizokwisha kupangwa. Chini ya kreni wafungaji mizigo walikuwa wakipokea mbao, nawajua wote kwa majina, watatu kati yao nimekwenda kwenye arusi zao. Na mzigo ulikuwa ukiwashukia polepole, polepole, mpaka ukagusa chini bila kelele. Nikautazama mzigo ule hadi macho yakanilowa.

Saa ya mapumziko nilimfuata kwenye ngazi mbele ya watu wote. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Nikasema, "Mama Watoto anasema Jumapili uje ule kwetu." Mama alikuwa hajasema lolote.

Jumapili, 26 Mei

Kipanga amekuja. Amekula vizuri. Amebishana na mimi kuhusu kushusha mzigo kwenye upepo, na ameshinda, kwa nusu. Mke wangu amempenda, ameshampima bega na kiuno, anamshonea suruali ya kazi yenye mifuko mikubwa. Jioni wawili hao walikaa barazani wakanisema mpaka nikahisi masikio yanawasha.

Alhamisi, 30 Mei

Presha mia moja arobaini na nane. Inashuka. Uko mara moja tu.

Ijumaa, 31 Mei

Nimejaza kisanduku cha leo kwa fahari. Siku hii ipo.

Jumatano, 5 Juni

Mvua zinakatika. Nimelala masaa saba. Mke wangu hakuniamsha hata mara moja, ila aliamka mwenyewe mara tatu, nimemhisi. Anaweka kiganja mgongoni mwangu, anangoja, anakitoa. Nilijifanya nimelala.

Daktari alisema mwili uliozoea kukesha haurudii usingizi kwa siku moja. Najiuliza kama mwanamke huyu ataurudia. Moyo wake nao ni moyo. Jana nilimpeleka kwa nesi akapimwe, akabisha njia nzima. Ni mia moja arobaini na nne. Nesi akasema, "Huyu dawa yake ni kulala. Mlinzi apumzike." Basi nimebadili hesabu zangu. Kreni naitaka, sitasema uongo, naitaka mpaka naiota. Lakini ninachokitaka kwanza ni kumwona huyu amelala usiku mmoja mzima bila kunihesabu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeanza kumfanyia mambo. Taa tunazima mapema. Redio nimeihamishia jikoni. Cherehani inafungwa jua likizama, na mteja anayekuja baada ya hapo anakutana na mimi mlangoni. Mmoja aliniuliza kama nimekuwa askari. Nikamwambia nimepandishwa cheo.

Alhamisi, 13 Juni

Kesho ndiyo siku. Sina wasiwasi. Nimekunja shati mara nne.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi nilipoamka mke wangu alikuwa amelala. Tulikubaliana anisindikize. Nikavaa taratibu, nikavaa viatu nje. Nikangoja. Nikarudi kuchungulia. Amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, jua limeshafika kwenye mto na hana habari. Nikavuta pazia nikaenda peke yangu.

Nesi alinifunga kitambaa. Sikusema neno dakika kumi nzima, na sikulazimishwa. Mashine ikapanda, ikashuka, ikatulia. Nesi akatazama, akanitazama, akaigeuza kunielekea nisome mwenyewe.

Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne.

Akapima tena mkono wa pili. Mia moja thelathini. Aliipiga muhuri karatasi kwa nguvu mpaka kikombe cha kalamu kikaruka. Fomeni alisoma, akajikuna shingo, lakini safari hii akicheka: napanda Jumatatu, tunagawana wiki mimi na Kipanga, siku tatu tatu, na mashine ya kulala isirudi hospitali bila yeye kujua. Kipanga alikuwa juu. Alipiga honi ya kreni mara tatu na saiti nzima ikaitikia kwa kugonga vyuma. Sikuweza kuongea. Mimi!

Nimekimbia nyumbani. Kwa umri huu, nimekimbia kweli. Nimefungua mlango mdomo umeshajaa habari, na nyumba kimya, na yeye bado amelala.

Saa sita sasa hivi. Nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda naandika haya juu ya goti. Mteja mmoja amekuja kudai gauni, nimemfukuza kwa mikono tu, bila sauti, akaondoka kwa kunyata. Binti yetu amepiga simu mara mbili, nimeizima. Nina habari kubwa kuliko zote za mwaka huu na sina wa kumwambia.

Kuna wakati amevuta pumzi ndefu kisha akatulia, nami nimejikuta nimeacha kalamu. Moja, mbili, tatu. Nikamsogezea sikio. Nne, tano. Akapumua. Hakuwa na kitu, ni usingizi tu wa mtu mzima mwenye afya. Lakini zile hesabu tano zimenitosha. Yeye alifika ishirini, usiku mmoja mara mia, miaka kumi na miwili, na asubuhi akanipa chai.

Amejigeuza. Ameanza kukoroma, taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Nasikiliza na kucheka kimoyomoyo mpaka machozi yananitoka. Simwamshi. Jumatatu iko mbali.